“Tuko Asilimia 80”: Ukiundiwa Mfumo wa Malipo, Nani Anaamua na Mnakutana Lini?

Umechoka kukaa na kitabu ukinakili meseji za malipo moja moja. Umetafuta vijana wa kukuundia mfumo utakaopokea malipo ya simu na kuyaandika bila mtu kugusa. Mmeelewana bei, umewapa malipo ya kwanza. Kisha kimya. Ukipiga simu unaambiwa, “Tuko asilimia 80.” Mwezi unaofuata ukipiga, bado ni asilimia 80. Siku ya kukabidhiwa inafika, unafungua mfumo, na unachokiona sicho ulichokuwa nacho akilini.

Sisi tunaokaa kwenye dawati la kusaidia biashara kuunganisha mifumo yao na malipo ya simu tunaisikia hadithi hii mara kwa mara. Mteja huwa ana hakika ameibiwa. Lakini ukichunguza, mara nyingi vijana walifanya kazi, tena usiku kucha. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa upande wa mteja mwenye ruhusa ya kuamua, na siku inayojulikana ya mtu huyo kuiona kazi ikiwa bado mbichi.

Hicho kiti ni chako wewe mteja, na makala haya ni ya kukusaidia kukikalia. Nitarudi kila mara kwa shule moja ya sekondari niliyoisaidia miaka michache iliyopita, kwa sababu karo ni malipo ambayo karibu kila mtu hapa kwetu amewahi kulipa au kulipiwa.

Jina limetoka kwa raga

Ukikutana na wasanidi programu wa siku hizi, watakuambia wanafanya kazi kwa njia ya ajaili, na wengi wataongeza neno skramu. Usitishwe na majina. Mnamo Februari 2001, watu 17 waliokuwa wamechoshwa na miradi ya programu inayochelewa na kufeli walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, Marekani. Wakaandika tamko fupi sana. Ukilisoma kwa macho ya mteja, linasema hivi: programu inayofanya kazi ina uzito kuliko marundo ya makaratasi, na kushirikiana na mteja kuna uzito kuliko kuvutana naye juu ya mkataba. Makaratasi na mkataba havikutupwa, ila viliwekwa nafasi ya pili.

Skramu ni njia mojawapo ya kuyatekeleza hayo, na ilitangulia tamko lenyewe. Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliiwasilisha mbele ya wataalamu wenzao mwaka 1995. Jina walilikopa kutoka kwa makala ya mwaka 1986 ya Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliokuwa wamechunguza jinsi kampuni kama Honda na Canon zilivyobuni bidhaa mpya. Hao wawili waliona tofauti kati ya mbio za kupokezana kijiti na mchezo wa raga. Kwenye mbio za kijiti, wa kwanza akishamaliza kipande chake anatoka uwanjani, na yule wa mwisho ndiye anayeaibika kama kijiti kilidondoka njiani. Kwenye raga timu nzima inasonga pamoja huku mpira ukirushwa huku na huku. Skramu ni pale wachezaji wanaposhikana mabega na kuinama kusukumana. Ukizoea kutazama raga ya wachezaji saba utaona watatu watatu, na kwenye ile ya 15 ni wanane wanane.

Sasa ule mradi wako wa asilimia 80 ulikuwa mbio za kijiti. Wewe uliwapa vijana maelezo, wao wakaenda nayo mbali, wakarudi nayo mwishoni. Kijiti kilidondoka mahali, na hakuna aliyekuona ukiwa karibu ili akuulize.

Viti vitatu

Kwenye skramu kuna viti vitatu tu. Mwongozo rasmi wa Sutherland na Schwaber, ambao toleo lake la Novemba 2020 ni kijitabu cha kurasa chache tu, unashauri timu nzima iwe na watu 10 au pungufu. Kwa biashara nyingi tunazohudumia huwa ni watu watatu, wanne.

Kiti cha kwanza ni cha watengenezaji, yaani wote wanaoijenga kazi kwa mikono yao: anayeandika programu, anayechora kurasa, anayejaribu kama vitu vinakubali. Hao ndio wanaoamua kazi itafanywa vipi na wanaweza kubeba kiasi gani. Wewe usiwaambie watumie lugha gani ya programu kwa sababu mpwa wako amekuambia ile nyingine ni nzuri.

Kiti cha pili ni cha skramu masta. Usidanganywe na neno “masta”, huyu si bosi wa mtu. Kazi yake ni kuhakikisha vikao vinafanyika na havigeuki kuwa mahubiri, na kuondoa vizuizi. Mtengenezaji akikwama kwa sababu ruhusa fulani haijatoka, au kwa sababu mkubwa fulani anamsumbua, skramu masta ndiye anayeamka kwenda kuulizia.

Cha tatu ndicho chenye vita: mwenye bidhaa. Huyu anaishika orodha ya kazi zote zinazotakikana na kuipanga, kipi kije kwanza na kipi kisubiri. Mwongozo unasisitiza awe mtu mmoja. Si kamati, si bodi. Wengine wote wenye maoni wanapitia kwake.

Kule shuleni, watu watatu walikuwa wanawaandikia watengenezaji kwenye WhatsApp. Mwalimu mkuu alitaka ripoti yenye michoro ya kupeleka kwa bodi. Mwenyekiti wa bodi alitaka wazazi watumiwe meseji kila wanapolipa. Mhasibu alitaka kitu kimoja tu, kwamba kila pesa inayoingia ijulikane ni ya mwanafunzi gani. Vijana, kama ungefanya wewe, walikuwa wanamfuata aliyeandika mwisho. Wiki tatu zikaisha. Kulikuwa na nusu ya michoro, nusu ya meseji, na mhasibu bado alikuwa na kitabu chake.

Skramu masta wao, kijana mpole aliyekuwa pia anaandika programu, alienda ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilikuwepo. Alisema, “Mwalimu, tunaomba mtupe mtu mmoja wa kutuambia la kufanya. Hata akiwa ni wewe mwenyewe, tutashukuru.” Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo, akacheka, akasema yeye hana wakati huo, na mhasibu ndiye anayelia kila muhula ukifunguliwa. Hapo hapo mhasibu akapewa kiti. Na mwalimu mkuu, kwa sifa yake, aliheshimu uamuzi huo. Kuanzia hapo michoro yake aliiomba kwa mhasibu kama mtu mwingine yeyote.

Nimeona biashara zikimweka kwenye kiti hiki mtoto wa mwenye duka kwa sababu “anajua kompyuta”. Ni kosa. Mtafute anayejua kazi yenyewe, yule ambaye mfumo usipofanya kazi ndiye atakayelala ofisini. Kompyuta wataijua watengenezaji.

Mnakutana lini

Kazi hugawanywa katika vipande vya muda vinavyoitwa sprinti. Kila sprinti ina urefu uleule, isizidi mwezi mmoja. Wengi huchagua wiki mbili. Mwishoni lazima kuwe na kitu kinachofanya kazi, hata kama ni kidogo. Hiyo ndiyo dawa ya “asilimia 80”. Kitu kinafanya kazi ama hakifanyi.

Sprinti hufunguliwa kwa kikao cha kupanga. Mwenye bidhaa anasema nini ni muhimu zaidi sasa hivi na kwa nini, watengenezaji wanasema wanaweza kumaliza kipi. Kwa sprinti ya mwezi mzima kikao hiki hakizidi saa nane, kwa hiyo kwa wiki mbili panga asubuhi moja na uilinde.

Halafu kuna kikao cha kila siku, dakika 15, saa ileile, mahali palepale. Hiki ni cha watengenezaji wenyewe. Wanaangalia kama bado wanaelekea kwenye lengo na nani amekwama wapi. Wewe mteja si lazima uwepo, na ukiwepo usikigeuze kuwa kituo cha polisi. Nimeshuhudia mwenye biashara aliyekuwa akiingia kila asubuhi kuuliza “umefanya nini jana?” mpaka vijana wakaanza kutunga majibu. Unachohitaji ni kupatikana kwa simu muda mfupi baadaye, kama kuna swali.

Kikao usichoweza kukosa hata kukiwa na mvua ya mawe ni kile cha mwisho wa sprinti, cha kuonyesha kazi. Na kuonyesha maana yake ni mfumo wenyewe ukifanya kazi mbele yako. Picha za kwenye skrini na maneno matamu havitoshi. Kwa mfumo wa malipo, toa simu yako mwenyewe, tuma shilingi 10 halisi, uone zinaingia na zinaandikwa wapi.

Kule shuleni kikao hiki kilifanyika Ijumaa, kwenye maabara ya kompyuta. Vijana walikuwa na furaha. Wakatuma malipo yenye nambari ya usajili ya mwanafunzi kwenye sehemu ya nambari ya akaunti, na sekunde chache baadaye jina la mwanafunzi likaonekana, na salio likapungua. Safi kabisa. Wakatuma tena kwa nambari isiyokuwepo, na mfumo ukayakataa malipo kabla pesa haijaingia. Wakapigiana makofi.

Mhasibu akasema, “Hebu nipeni hiyo simu.”

Kwenye sehemu ya nambari ya akaunti akaandika jina la msichana na “form 2”. Malipo yakakataliwa. Akaandika “karo ya Brian”. Yakakataliwa. Kisha akafungua kitabu chake, kile ambacho mfumo ulikuwa umekuja kukiondoa, akakiweka mezani. Ukurasa baada ya ukurasa, hivyo ndivyo wazazi walivyokuwa wanalipa: jina, darasa, jina la utani, nambari ya kaka mkubwa aliyemaliza shule zamani. Mzazi mmoja hulipa mara moja kwa watoto wawili.

Kijana mmoja akajibu, tena kwa heshima, “Lakini Madam, si ndiyo vizuri wakikataliwa? Watajifunza kuandika nambari.”

Mhasibu akamwambia huenda mzazi huyo ameazima simu ya jirani saa mbili usiku, na pesa imetoka kwa kuuza mbuzi. Ikikataliwa leo, kesho asubuhi itakuwa imeingia kwenye shida nyingine, na mtoto atarudishwa nyumbani. “Afadhali pesa iingie na mimi nihangaike kujua ni ya nani.”

Huo ni uamuzi wa kazi yake, si wa kompyuta. Watengenezaji walikuwa wamechagua njia iliyo safi kiufundi, na hawakuwa na namna ya kujua habari za simu ya jirani. Kama wangeonyeshwa kitabu hicho siku ya kukabidhi mfumo mzima, miezi minne baadaye, ingebidi wabomoe. Siku hiyo walikuwa wamepoteza kazi ya wiki mbili tu, na hata hiyo haikupotea yote. Kwenye sprinti iliyofuata mfumo ulibadilishwa: malipo yasiyotambulika yanaingia na kuwekwa kando kwenye orodha, na mhasibu anayapangia mwanafunzi kwa kubonyeza mara mbili.

Haimaanishi mwenye bidhaa anajua yote. Katika kikao hichohicho watengenezaji walieleza jambo ambalo mhasibu hakuwahi kulifikiria: mtandao ukikatika, taarifa ya malipo yaleyale inaweza kutumwa kwenye mfumo mara mbili. Usipokuwa mwangalifu, mzazi aliyelipa 5,000 ataonekana amelipa 10,000. Walikuwa wamelizuia kwa kutumia msimbo wa muamala, ule wa herufi na tarakimu unaokuja kwenye meseji. Msimbo ukishaandikwa mara moja, ukija tena hauhesabiwi. Mhasibu aliuliza maswali mengi juu ya hilo, na akaomba lionyeshwe. Lilionyeshwa.

Kuona watu wanavyotumia kitu hasa, badala ya unavyodhani watakitumia, kuliwahi kubadilisha mambo makubwa hapa nchini. Kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Machi 2007, kulikuwa na majaribio yaliyoanza 2005, Thika ikiwa miongoni mwa sehemu zilizotumika. Wazo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wakifuatilia waligundua watu wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma iliyofika sokoni ilitangazwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Sidai kwamba ilikuwa skramu. Lakini walikaa wakatazama, na walichokiona wakakifuata.

Baada ya wageni kuondoka

Kikao cha mwisho ni cha timu kujiangalia yenyewe: tulifanyaje kazi, nini kilituchelewesha, tubadilishe nini sprinti ijayo. Hiki ndicho hurukwa kwanza, na ndicho mimi ningekilinda kwa wivu. Kule shuleni kilitoka jambo dogo lakini zito. Vijana walikuwa wamekaa siku mbili nzima wakisubiri jibu la swali moja kutoka kwa mhasibu, aliyekuwa amezama kwenye ukaguzi wa hesabu. Hakuna aliyelaumiwa. Walikubaliana kwamba kila siku saa nne, wakati wa chai, mhasibu atakuwa na nusu saa yao, kwa simu au ana kwa ana. Basi.

Utauliza, na kama nimeajiri kijana mmoja tu? Ni kweli, mtu mmoja hawezi kufanya kikao cha kila siku na nafsi yake. Yaache mengine, lakini shikilia haya: mtu mmoja wa kuamua, orodha iliyoandikwa na kupangwa, na kila baada ya wiki mbili kuonyeshwa kitu kinachofanya kazi. Malipo yako pia yafuate mpangilio huo. Badala ya nusu mwanzoni na nusu mwishoni, gawanya kwa vikao vya kuonyesha kazi. Kijana mzuri hatakataa, kwa sababu hata yeye analipwa mapema kuliko kusubiri miezi minne.

Na kwa vile tumezungumzia kuwapa watu nafasi kwenye mfumo wako: hakuna kiti wala kikao kinachohitaji PIN yako. Mtengenezaji akikuomba PIN, nywila yako ya kuingilia akaunti ya biashara au nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako, kataa, kisha tupigie. Akaunti ya malipo isajiliwe kwa jina la biashara, na funguo za kuunganisha mfumo zitolewe kwako, si kwa barua pepe ya kijana ambaye mwaka ujao atakuwa amehamia kazi nyingine.

Shule ilifunguliwa Januari. Nilipiga simu siku ya kwanza, karibu saa tano, nikijua hali ya ofisi ya karo siku kama hiyo. Mhasibu alishika simu mara ya pili. Alisema malipo yenye majina yameingia kama kawaida, na yote ameshayapanga. Kisha akaniambia kuna mama mmoja amelipa mara moja kwa watoto watatu, mapacha na mdogo wao, na mfumo haujui kugawa. Ameshaliweka juu kabisa ya orodha, na vijana wanakuja kupanga Jumatatu.